Pumzi Ndiyo Kipimo: Hotuba ya Siku ya Yoga

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zetu, vijana wetu, hamjambo.

Leo ni tarehe 21 Juni. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii kwa ajili ya yoga kwa azimio la tarehe 11 Desemba 2014, India ikiwa imeleta pendekezo na nchi 177 zikiwa zimeliunga mkono. Tunaishukuru siku hii. Ila kila mwaka ikifika, picha zinazozunguka kwenye simu ni zile zile: mtu amesimama kwa kichwa ufukweni, mwingine amepitisha mguu nyuma ya shingo. Mama wa miaka 55 mwenye goti linalomsumbua anaziona, anazifunga, anasema haya mambo si yangu. Tumekuja kumwambia mama huyo kwamba ni yake, tena pengine ni yake zaidi kuliko ya yule wa ufukweni.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kitabu ambacho walimu wa mikondo karibu yote ya yoga hukirejea ni Yoga Sutra ya Patanjali, kilichotungwa India kwa Kisanskriti zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Kina vifungu 196, vifupi mno, vingine maneno matatu tu. Katika vifungu vyote hivyo, vinavyozungumzia mkao wa mwili ni vitatu. Na hata hivyo vitatu havitaji mkao wowote kwa jina.

Sasa kifungu cha pili cha kitabu hicho, mwanzoni kabisa, ndicho kinachoeleza yoga ni nini: ni kutuliza mizunguko ya akili. Basi. Mara nyingi mtasikia kwamba yoga maana yake ni kuunganisha, kwa sababu neno hili lina mzizi wa yuj, kufunga nira, kama mkulima anavyofunga maksai wawili kwenye plau. Si uongo. Lakini Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Patanjali, anasema wazi kwamba katika kitabu hiki yoga ni samadhi, yaani akili iliyotulia ikazama. Tunaona maana hii inamfaa zaidi mtu wa kawaida. Ukimwambia aungane, atakuuliza aungane na nini. Ukimwambia atulie, hahitaji kuelekezwa fujo iko wapi. Anaisikia mwenyewe, hasa usiku.

Mizunguko hiyo Patanjali anaihesabu mitano: ujuzi ulio sahihi, ujuzi wenye makosa, dhana iliyosimama juu ya maneno matupu, usingizi, na kumbukumbu. Ile ya tatu, inayoitwa vikalpa, ndiyo inayotumaliza. Umetuma ujumbe wa WhatsApp saa mbili usiku. Tiki mbili zimegeuka bluu. Jibu hakuna. Ikifika saa tatu umeshajua kwamba amekasirika. Saa nne umeshajua nani kamchochea. Saa tano umeshapanga maneno ya kumwambia kesho, na moyo unakwenda mbio kana kwamba umetoka kupanda ghorofa nne. Kilichotokea kweli ni kimoja tu: tiki zimebadilika rangi. Mengine yote ni maneno yaliyojengeana nyumba kichwani. Na mtazameni mtu huyo anavyopumua. Pumzi ni fupi, imekaa juu kifuani, mabega yamepanda kuelekea masikioni, na kila baada ya muda anashusha pumzi moja nzito bila mwenyewe kujua.

Patanjali aliliona hilo. Katika kifungu cha 31 cha sura ya kwanza anataja mambo manne yanayoandamana na akili iliyotawanyika: maumivu, unyonge wa moyo, mwili kutotulia, na pumzi kwenda ovyo. Kisha katika kifungu cha 34 anataja njia mojawapo ya kuituliza: kutoa pumzi na kuishika. Angalieni mpangilio. Ameanza na kutoa. Hilo ndilo tulilolibeba kuja nalo hapa leo: pumzi ni dalili ya hali ya akili, na wakati huo huo ni mlango wa kuingilia kuirekebisha. Chochote mtakachofanya kwa jina la yoga, iwe mkao, iwe mwenendo, kipimeni kwa pumzi.

Katikati ya vifungu hivyo viwili, kifungu cha 33 kinaonekana kama kimepotea njia, maana hakizungumzii mwili wala pumzi. Kinazungumzia watu. Kinasema akili husafika ukiwa rafiki kwa mwenye raha, mwenye huruma kwa mwenye dhiki, mwenye furaha kwa mtenda mema, na usiyetikisika mbele ya mtenda mabaya. Someni tena la kwanza, kwa sababu ndilo gumu. Kumhurumia aliyefiwa hakutushindi. Kazi ipo pale jirani anaponunua gari. Anayemwonea choyo jirani yake hawezi kupumua vizuri akiwa sebuleni kwake mwenyewe, na hakuna mkao wa kumtibu ikiwa kila jioni anarudi kuchungulia dirishani. Patanjali aliliweka jambo hili mahali pale pale anapofundisha pumzi, na sisi tunaamini hakukosea mahali.

Ndiyo maana ile njia yake ya hatua nane haianzi na mwili. Inaanza na makatazo matano: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kutoendekeza tamaa ya mwili, kutolimbikiza. Yanafuata maagizo matano: usafi, kuridhika, bidii yenye kujinyima, kujisoma, na kujikabidhi kwa Ishvara, yaani Bwana. Mkao ni hatua ya tatu, pumzi ya nne. Ya tano ni kurudisha milango ya fahamu ndani, ya sita kuikaza akili mahali pamoja, ya saba kutafakari bila kukatika, na ya nane ni samadhi yenyewe.

Kutodhuru, ahimsa, ndiko kunakowekwa mbele ya yote, na mara nyingi husahaulika kwamba kunauhusu pia mwili wa huyo anayefanya mazoezi. Anayelilazimisha goti lake likunje kama la binti wa miaka ishirini ameshavunja hatua ya kwanza kabla hajafika ya tatu.

Neno Ishvara limewagusa wengi wenu, na swali lake tunalijua: je, hii ni dini? Tujibu bila kuficha. Yoga ilizaliwa India, ikalelewa na Wahindu, Wabudha na Wajaini, na Ishvara wa Patanjali ni roho ya pekee isiyoguswa na mateso wala matendo. Mwalimu anayesema yoga haijawahi kuhusiana na dini hasemi kweli, na kutosema uongo ni katazo la pili. Lakini kukaa wima ukatoa pumzi taratibu ni jambo la mbavu na mapafu, na hakuna anayelazimika kutamka Om, lile tamko takatifu la Kihindu, au kuinamia sanamu ili mapigo ya moyo wake yapungue. Saudi Arabia, mwezi Novemba 2017, iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Kwa hiyo mwalimu akikufundisha tamko lolote la Kisanskriti, mwulize maana yake. Akikuficha, tafuta mwingine. Na ukiona dhamiri yako haijatulia, mwone kiongozi wako wa dini kwanza. Akili yenye mashaka haitulii juu ya mkeka.

Sasa zile picha za ufukweni zimetoka wapi? Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15 tu, na mingi kati yake ni ya kukaa. Ule mfululizo wa kuruka, kusimama na kupinda tunaouona leo ulikua zaidi katika karne ya 20, na sehemu kubwa yake kule Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, ambako mwalimu wa yoga Krishnamacharya alifundisha chini ya udhamini wa mfalme. Wanafunzi wake wengi pale walikuwa wavulana. Lisikilizeni hili vizuri, hasa ninyi mnaojilaumu kwa ugumu wa viungo: mazoezi mengi mnayoyashindwa yalipangwa kwa miili ya vijana wadogo wa kiume. Mmoja wao, B.K.S. Iyengar, alikuja baadaye kufanya jambo ambalo tunalithamini kuliko mikao yote ya picha. Aliingiza darasani kiti, mkanda, blanketi na tofali la mbao, ili mkao umfuate mtu alivyo.

Na kipimo cha mkao uliofaa kimo katika kifungu cha 46 cha sura ya pili ya Patanjali: uwe imara, uwe wa raha. Vyote viwili kwa pamoja. Raha bila uimara ni kujilaza ovyo. Uimara bila raha ni mateso. Kifungu kinachofuata kinaongeza kwamba mkao hukamilika kwa kulegeza juhudi. Utajuaje umefika? Pumzi itakwambia. Ikikatika, ikikwama kooni, ikianza kutoka kwa mdomo, umeshapita mpaka wako. Rudi nyuma hadi iwe ndefu tena. Hapo uliporudi ndipo mkao wako ulipo leo.

Tuutazame mkao mmoja kwa karibu, ule wa kuinama mbele, kwa kuwa ndio unaoumiza watu wengi. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza juu kwenye mifupa miwili tunayokalia, na inashuka hadi chini ya goti. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi, au juu ya bodaboda kuanzia alfajiri, misuli hiyo humkakamaa. Akisimama na kutaka kugusa vidole vya miguu, magoti yakiwa yamenyooka kabisa, misuli inaivuta nyonga chini na kuizuia isizunguke. Sasa lazima kitu kikunje, na kamba hukatikia pabovu: kinakunja kiuno. Zile diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo zinabanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma, kuelekea kwenye neva. Yeye anasikia mvuto mkali nyuma ya goti, anadhani anaendelea vizuri.

Fanyeni hivi. Chukua kiti kisichoyumba, mgongo wake uguse ukuta. Simama mbele yake, mbali kiasi cha hatua moja ndefu, nyayo zikiachana kwa upana wa ngumi zako mbili. Legeza magoti yakunje kidogo. Weka vidole vya mikono pale paja linapoungana na kiwiliwili, kwa mbele. Hapo ndipo pa kukunja. Toa pumzi, peleka makalio nyuma kama unayetaka kufunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa mizigo, na ushuke hadi viganja vitue kwenye sehemu ya kukalia ya kiti. Masikio yawe usawa wa mikono, usiinue kidevu. Kaa hapo pumzi tano. Mvuto uwe katikati ya paja. Ukiusikia nyuma ya goti au pale juu kabisa chini ya kalio, ongeza kukunja magoti. Kiti kikiwa chini mno, shika meza. Kupanda, shika nyonga, sukuma nyayo chini, vuta pumzi ukinyanyuka na mgongo ulionyooka, kisha simama tuli kwa pumzi mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu damu inahitaji muda kufika kichwani. Mwenye diski iliyokwisha kuteleza, au ganzi inayoshuka mguuni, huu aupishe hadi aonane na daktari au mtaalamu wa viungo.

Twende kwenye pumzi yenyewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Tunataka kushuka hadi sita, kwa dakika tano. Kaa kwenye kiti, au sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa hadi magoti yawe chini kuliko nyonga. Bila hivyo mgongo utajikunja na kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, utakosa nafasi ya kushuka. Kiganja kimoja kikae juu ya kitovu. Funga mdomo. Toa pumzi kwanza, yote, bila kukamua. Kisha vuta kwa puani ukihesabu nne, toa kwa puani ukihesabu sita, kila hesabu ikiwa sekunde moja. Kiganja kinasukumwa nje ukivuta, kinarudi ukitoa. Sekunde kumi kwa pumzi moja, pumzi sita kwa dakika, pumzi 30 kwa dakika tano.

Kwa nini kutoa kuwe kurefu? Mtaona wenyewe sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi taratibu, halafu toa kwa urefu zaidi. Wengi wenu, vijana hasa, mtasikia mapigo yakienda haraka kidogo mnapovuta na yakipoa mnapotoa. Wakati wa kutoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na matumboni, huushika moyo breki kwa nguvu zaidi. Ukirefusha kutoa, unarefusha breki.

Linaloharibika mara nyingi ni hili: mtu anasikia neno pumzi ndefu, anajaza hewa nyingi. Baada ya dakika mbili kichwa kinazunguka, midomo na ncha za vidole vinafanya ganzi, anaogopa na kuacha. Hakukosa hewa. Ametoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, na hilo huifanya mishipa ya damu ya ubongo isinyae. Dawa yake ni kurudi kwenye pumzi ya kawaida hadi hali ipite, na siku inayofuata kuvuta hewa kidogo zaidi kwa mwendo ule ule wa polepole. Pumzi inayofaa haisikiki na aliyekaa pembeni yako. Kosa jingine ni kulazimisha hesabu. Kama nne kwa sita inakufanya uhemee, shuka hadi tatu kwa nne, ukae hapo wiki mbili. Na kushika pumzi msikuguse bila mwalimu, hasa mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito. Hatha Yoga Pradipika inasema pumzi hufugwa kama simba, tembo na chuimilia wanavyofugwa, kidogo kidogo, la sivyo itamwangamiza anayeifuga. Watu wa nchi zenye simba na tembo hawahitaji ufafanuzi wa hilo.

Faida zake tuziseme kwa kipimo chake. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya wiki 12, kabla ya dawa. Kwa presha, usingizi na wasiwasi, nafuu inayoonekana ni ya wastani, na inategemea mtu anavyoendelea. Mwenye dawa za presha au insulini asipunguze hata kidonge kwa sababu ya pumzi. Daktari ndiye atakayepunguza akiona vipimo. Na mkiambiwa kwamba kupinda kiuno kunakamua sumu kwenye ini, msikubali. Ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kupindwa.

Kuhusu muda, Patanjali anataka mambo matatu: mazoezi yawe ya muda mrefu, yasikatike, na yafanywe kwa heshima. Dakika 15 kwa siku sita ni saa moja na nusu, sawasawa kabisa na darasa moja kubwa la Jumamosi. Bandu bandu huisha gogo. Anayengoja Jumamosi atakuta mwili umesahau. Katika vikwazo tisa anavyovitaja wamo maradhi, shaka na uvivu, ambavyo kila mtu anavitarajia. Cha tisa hakitarajiwi: kufika hatua fulani, kisha kuteleza kutoka hapo. Wiki ya tatu umelala vizuri, wiki ya nne usingizi umeruka tena, unasema haifanyi kazi. Imo kwenye orodha tangu zamani. Endelea na dakika zako 15.

Zigaweni hivi: mkao wa kiti, dakika tano, ukiurudia mara tatu au nne bila haraka. Pumzi, dakika tano. Zilizobaki ni za kulala chali, na hizi msiziibe. Mle angalau saa tatu kabla, maana tumbo lililojaa linakizuia kiwambo. Lala kwenye mkeka, blanketi jembamba chini ya kichwa hadi paji la uso liwe juu kidogo kuliko kidevu. Mwenye kiuno kinachouma aweke mto chini ya magoti. Mjamzito wa miezi ya mwisho alale kwa ubavu wa kushoto. Mikono iachane na mwili, viganja juu. Acha kuhesabu sasa. Pumzi ijiendee yenyewe. Jifunike kanga au shuka, kwa sababu mwili uliotulia hupoa haraka.

Dakika zikiisha, usinyanyuke kwa kukaza tumbo. Chezesha vidole vya miguu na mikono. Kunja magoti, geukia ubavu wa kulia, kichwa kikilalia mkono, ukae hapo pumzi mbili tatu. Kisha sukuma sakafu kwa kiganja cha kushoto, mwili ukae wima, kichwa kije mwisho. Toa pumzi, ndipo ufumbue macho.